Keria ya skuta kutoka Katwe: tathmini ya chuma, bolti na uzito

Skuta nyingi zinazouzwa Kampala huja na kishikio cha abiria nyuma ya kiti, na wauzaji hukiita keria, yaani fremu ya kubebea mizigo, bila kupepesa macho. Kishikio hicho kilikusudiwa mkono wa mtu aliyeketi, si katoni. Ukifunga juu yake katoni ya sabuni kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, jinsi waendesha boda wanavyofunga kila kitu kuanzia godoro hadi fremu ya mlango, mzigo utaanza kulalia upande mmoja kabla hujafika chini ya mteremko wa kwanza, na mji huu haukunyimwa miteremko. Pikipiki ya Bajaj Boxer, ambayo imetawala biashara ya boda, haina shida hiyo kwa sababu nyuma ina fremu ndefu ya chuma, shokapu mbili, na keria inayokaa moja kwa moja juu ya fremu hiyo. Mwenye skuta anayetaka kuifanyia kazi hana budi kuongeza keria yeye mwenyewe.

Keria ninayoitathmini hapa ilitengenezwa kwa kuagizwa katika karakana ndogo ya wachomeleaji huko Katwe, kwa ajili ya skuta ya cc 110 yenye magurudumu ya inchi 12, ambayo kazi yake ni kusambaza mayai na mikate kwa maduka ya rejareja ya upande wa Kalerwe na Bwaise. Kabla ya kuagiza nilizunguka soko la Kisekka, ambako vipuri vya kila namna hupatikana, nikazishika na kuzipima keria zilizo tayari ambazo huuzwa huko. Kwa hiyo nitazitaja hizo pia kila inapofaa. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa kazi ya kila siku, keria ya Katwe ni bora, lakini si kwa sababu ambayo wanunuzi wengi wangeitaja. Haishindi kwa unene wa chuma wala kwa kubeba mzigo mkubwa zaidi. Inashinda kwa sababu fundi aliweza kuisogeza mbele.

Sababu ya jambo hilo kuwa kubwa iko kwenye umbo la skuta lenyewe. Injini ya skuta za kawaida imeungana na gurudumu la nyuma na hupanda na kushuka pamoja nalo, hivyo sehemu ya nyuma tayari ni nzito kuliko ya mbele hata kabla ya kupanda mtu. Kitu chochote kinachowekwa nyuma ya ekseli, yaani mhimili, ya gurudumu la nyuma hufanya kazi mbili kwa pamoja: hukandamiza nyuma na huinua mbele. Chukua mzigo wa kilo 20 uliokaa sentimita 40 nyuma ya ekseli, kwenye skuta ambayo umbali kati ya ekseli zake mbili ni kama mita 1.27. Gurudumu la mbele litapunguziwa uzito wa zaidi ya kilo 6, na la nyuma litabeba zaidi ya kilo 26, ingawa mzani wa dukani ulisema 20. Sogeza mzigo huohuo mbele kwa sentimita 15 tu, na kilo zinazotoka mbele zitashuka chini ya 4. Tofauti hiyo inasikika mikononi. Ukiwa unapanda kutoka Wandegeya kuelekea Makerere na uzito uko mbali nyuma, usukani unakuwa mwepesi, skuta inaanza kuchagua njia yake, na breki ya mbele, ambayo ndiyo breki ya maana, haina tairi la kutosha chini yake unapoihitaji kwenye barabara iliyolowa.

Keria zilizo tayari nilizoziona Kisekka karibu zote zina mikono mirefu inayotoka kwenye kishikio na kulipeleka bamba la kubebea mizigo nyuma kabisa, juu ya taa au hata kulipita. Nawaelewa watengenezaji wake, kwa sababu wanataka keria moja iingie kwenye skuta za aina nyingi, na wanataka abiria abaki na nafasi yake. Lakini matokeo ni bamba lililosimama mahali pabaya kuliko pote. Isitoshe, nyingi hushikizwa kwa vibano vinavyokumbatia kishikio chenyewe badala ya bolti zinazoingia kwenye fremu, na kibano kilichofungwa juu ya bomba la mviringo huzunguka mzigo unapotikisika, hata ukikaze vipi. Niseme haki: zimepakwa kromu vizuri, hazina ncha kali, na ukinunua asubuhi unaweza kuwa umeshaifunga kabla ya saa sita mchana. Hilo la mwisho Katwe hawawezi kukuahidi. Wataahidi, kusema kweli, lakini hiyo ni habari nyingine.

Kuhusu chuma, wateja wengi wanaofika kwa wachomeleaji huomba nondo nene, kwa imani kwamba kilicho kizito ndicho imara. Fundi wangu, mtu wa makamo aliyejifunza Kiswahili chake kambini akiwa mtoto wa askari, hakutaka hata kunisikiliza nilipotaja nondo ya milimita 10. Aliweka kwenye kiganja changu kipande cha nondo hiyo, na kwenye kiganja cha pili kipande cha bomba la milimita 19 lenye ukuta wa milimita 1.5, vyote vya urefu uleule. Uzito haukutofautiana kwa mkono, na hesabu inakubali: nondo ile ina gramu 617 kwa mita, na bomba lile ni kama gramu 650. Kisha akabana kila kimoja kwenye jiliwa na kuning'inia kwenye ncha yake. Nondo ilipinda mbele ya macho yangu, bomba halikujali. Wahandisi wangeeleza kwamba ugumu wa kutopinda hutegemea zaidi umbali wa chuma kutoka katikati kuliko wingi wake, na kwa vipimo hivi bomba ni gumu zaidi ya mara sita. Fundi aliyasema kwa njia yake: "Mama, hii paipu haitapinda. Ukizidisha mzigo, utapinda wewe." Keria nzima, pamoja na bamba lake la sentimita 35 kwa 30, ina uzito wa chini ya kilo 4, na huo nao ni uzito ambao skuta inaubeba hata siku isiyo na mzigo.

Sehemu iliyonishawishi kwamba nimefika kwa mtu anayejua kazi ilikuwa ndogo kuliko kidole gumba. Bolti za kishikio cha nyuma hupita kwenye vifuniko vya plastiki kabla ya kuingia kwenye fremu. Ukiweka bamba la chuma juu ya plastiki na kukaza, plastiki hubonyea taratibu, bolti hulegea, unakaza tena, plastiki hubonyea tena, na mwisho wake ni ufa unaoanzia kwenye tundu na kukimbia hadi kwenye indiketa. Fundi alikata bushi tatu kutoka kwenye bomba jembamba, akaisugua kila moja kwa tupa huku akiipima dhidi ya unene wa plastiki kwa ukucha, mpaka bushi ikawa imezidi plastiki kwa kiasi kidogo kisichoonekana ila kwa kupapasa. Aliitumbukiza kwenye tundu, bolti ikapita katikati, na sasa chuma kinakaza juu ya chuma. Plastiki imebaki palepale bila kubanwa na chochote. Kazi hiyo haionekani baada ya kufunga. Keria zilizo tayari nilizozipima hazikuwa na bushi kwenye mfuko wake, wala karatasi ya kusema kwamba zinahitajika.

Bolti zenyewe zinastahili aya yake. Zile za asili ni za milimita 8, zinazofunguliwa kwa spana namba 13, na urefu wake umepimwa kwa ajili ya kishikio peke yake. Ukiongeza unene wa keria na bado ukatumia bolti zilezile, nyuzi chache tu ndizo zitakazokamata ndani ya fremu, ilhali bolti ya milimita 8 kwenye chuma inapaswa kuingia angalau milimita 8 za nyuzi ili iwe na nguvu yake kamili. Nilinunua bolti ndefu zaidi Kisekka, zenye alama ya 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la nguvu ya chuma chake, pamoja na washa za springi, na napendekeza kila mtu afanye hivyo kabla ya kwenda kwa fundi, kwa kuwa karakanani bolti hutoka kwenye kopo lililojaa bolti za kila ukoo. Ukazaji wa bolti ya daraja hilo ni kati ya newton-mita (Nm) 20 na 25. Aliye na spana ya kipimo aitumie, na asiye nayo afahamu kwamba spana fupi kwa nguvu ya mkono mmoja inatosha. Bomba la kurefushia spana lisikaribie hapo. Nyuzi za fremu zikishakatika, gharama yake inaipita keria yote.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hufanya kusogeza mbele kuwe kugumu, nalo ni kiti. Kwenye skuta nyingi kiti huinuka kutokea nyuma na kuegemea mbele, na chini yake ndimo lilimo sanduku la vifaa, na kwa baadhi, mdomo wa tangi la mafuta. Honda Activa za awali hujazwa mafuta kwa kuinua kiti. TVS Jupiter za miaka yake ya mwanzo zina kifuniko cha mafuta nje, nyuma, juu ya taa. Kwa aina ya pili, keria yoyote inayoshuka chini sana hufunika kifuniko hicho, na nimemwona mtu kituo cha mafuta akifungua mizigo yake yote kwa ajili ya lita mbili. Kwa aina ya kwanza, ambayo ndiyo yangu, bamba linalokalia kiti huzuia kiti kisifunguke kabisa.

Suluhisho la fundi lilikuwa kuigawa keria sehemu mbili. Sehemu ya nyuma imefungwa moja kwa moja na inaishia pale kiti kinapoishia. Sehemu ya mbele, yenye upana wa sentimita 15, imeshikwa kwa bawaba mbili na hulala juu ya kiti inapohitajika, ikizuiwa na vikomo viwili vya chuma ili isikandamize ngozi ya kiti. Mzigo ukiisha, unaigeuza ikalala juu ya ile ya nyuma na kiti kinafunguka kama kawaida. Kuna pini ya kuizuia isijigeuze njiani. Ni wazo jema na linafanya kazi, lakini lina bei yake: mzigo ukishafungwa, mafuta huyaoni tena, hivyo lazima ujaze kabla ya kupakia. Nimezoea. Mtu anayepakia na kupakua mara nyingi kwa siku ataona ni kero ndogo tu, ila anayefunga mzigo asubuhi na kuuzungusha mpaka jioni ahesabu lita zake vizuri.

Mzigo wangu wa kupimia ulikuwa mayai, na sidhani kama kuna mzigo mkali zaidi katika kutoa siri za keria. Trei ya mayai 30 haifiki kilo 2, na trei tano zilizopangwa juu ya nyingine ni kama kilo 9, uzito ambao hautishi chuma chochote. Tatizo ni mtikisiko. Skuta ikiingia shimoni na kutoka, haipandi na kushuka tu, bali huinamisha pua na kuiinua, na kila sentimita inayoongezeka nyuma ya ekseli huongeza kiasi ambacho mzigo unarushwa. Nilipokuwa nabeba trei kwenye kishikio cha asili kwa kufunga ubao juu yake, mayai yaliyopasuka yalikuwa karibu kila mara ya trei ya chini, upande wa taa. Kwenye keria hii, trei zikiwa zimesogea mpaka juu ya kiti na chini yake pana sponji la godoro la unene wa vidole viwili, mayai hufika. Yapo yanayopasuka bado, hasa nikipita barabara za ndani za Bwaise baada ya mafuriko, ambapo hata mwenye gari hupoteza kitu, lakini hasara imeshuka kiasi kwamba sipangi tena trei ya akiba kwa ajili yake.

Kwa mizigo mizito nilitoa hukumu tofauti. Jerikeni ya lita 20 ya mafuta ya kupikia ina zaidi ya kilo 18, na ingawa keria iliibeba bila kulalamika, skuta yenyewe ililalamika. Skuta nyingi za daraja hili zina shokapu moja tu nyuma, upande wa kushoto, na kwa mzigo huo pamoja na mwendeshaji shokapu hufika mwisho wake kwenye kila tuta. Jerikeni nafasi yake ni pale chini miguuni, kati ya magurudumu mawili, na hii ndiyo faida ambayo skuta inayo na boda haina. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kizito kikae miguuni na kikubwa chepesi kikae kwenye keria. Kampuni ya Italia ya GIVI, ambayo imejenga jina lake kwa masanduku ya pikipiki, kwa kawaida huyawekea masanduku yake ya mfumo wa Monokey kikomo cha kilo 10, na hayo ni ya pikipiki kubwa kuliko zetu. Kwa hiyo anayeambiwa na muuzaji kwamba keria ya skuta hubeba kilo 50 aelewe kwamba anaambiwa habari za chuma, si za skuta. Upepo wa tairi la nyuma nao lazima uongezwe kulingana na kibandiko au kitabu cha skuta kinavyosema kwa watu wawili, na taa ya mbele ishushwe, kwa sababu nyuma ikizama taa hutazama madirishani mwa magari yanayokuja.

Kasoro za keria hii si chache, na nyingine ningezitaka zirekebishwe kabla ya kulipa. Rangi ni dhaifu: ni rangi ya mafuta iliyopakwa moja kwa moja juu ya chuma kilichofutwa kwa kitambaa, bila praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, na mipira ya kufungia imeshaila kwenye kingo zote. Kwa mji wenye misimu miwili ya mvua na unyevu wa ziwa, hiyo ni kutu iliyokaribishwa kwa mlango wa mbele. Ncha za mabomba ziliachwa wazi, hivyo maji huingia ndani na kuanza kula chuma kutoka mahali usipopaona. Fundi alizifunga kwa vipande vya bati baada ya kuambiwa, si kabla. Kiungo kimoja chini ya bamba kilikuwa na vitundu vya hewa kama mkate, akakisaga kwa grainda na kukichomelea upya bila ubishi, jambo ambalo nalihesabu kwa upande wake. Barabara ikiwa mbovu na keria ikiwa tupu, bawaba hugongagonga; kipande cha tyubu chini ya bamba la mbele kiliimaliza kelele hiyo. Na ahadi ya kesho asubuhi, kama nilivyodokeza, iligeuka kesho kutwa jioni. Wala usitarajie risiti yenye maneno ya dhamana. Dhamana ni kwamba unajua anapoketi.

Jambo moja ambalo nalisifu bila masharti ni kwamba uchomeleaji wote ulifanyika keria ikiwa nje ya skuta. Alishikiza vipande kwa nukta ndogo akiwa amevipimisha kwa fremu ya mfano ya mbao, kisha akamalizia mezani. Karakana ya jirani nilimwona kijana akichomelea kishikio kikiwa kimefungwa kwenye pikipiki na betri haijakatwa, huku cheche zikiruka kando ya tangi. Kwa skuta za sasa zenye mfumo wa sindano za mafuta na kompyuta ndogo ndani, umeme wa kuchomelea unaweza kuua kifaa cha bei kubwa papo hapo. Anayekubali kazi ya namna hiyo kwa skuta yake angalau aondoe waya wa hasi kwenye betri kabla ya moto wa kwanza.

Nililipa shilingi 140,000 pamoja na kufunga, nje ya bolti zangu. Keria zilizo tayari nilizoulizia Kisekka zilianzia 60,000 na kufika 90,000 kutegemea muuzaji na sura yako. Tofauti hiyo ni halali kwa mtu anayepakia kila siku. Nikiagiza nyingine, nitaongeza pesa kidogo ya praima na rangi mbili za spreyi, na nitadai bamba liwe na kingo zilizopinda juu kwa sentimita 2 ili trei zisiteleze kwenye kona ya mzunguko wa Kalerwe. Pia nitahakikisha namba ya nyuma na taa zinaonekana mzigo ukiwa juu, kwa kuwa katoni pana huning'inia na kuzifunika, na polisi wa barabarani hawahitaji kupewa sababu.

Kwa yule ambaye skuta yake bado hubeba abiria, mke, mtoto wa shule au mteja, keria hii haimfai, kwa sababu sehemu ya mbele hukalia nafasi ya mtu na bawaba zake hugusa mgongo hata ikiwa imegeuzwa. Huyo anunue ile fupi ya Kisekka, achague yenye matundu ya bolti badala ya vibano, abebe bushi na bolti za 8.8 kwa fundi yeyote mwenye subira, na asiipandishie zaidi ya kilo chache.